Mke wa Mlinzi wa Lango

Kibanda cha Fundi wa kufuli kilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Yeye ndiye aliyekuwa mtu mmoja. Nusu iliyobaki ilichukuliwa na mashine ya kuchonga funguo, ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa, na sanduku la makufuli mabovu ambayo wenyewe waliahidi kuyarudia wakasahau. Wateja walisimama nje, wakaegemea kaunta na kueleza jinsi walivyofungiwa nje na milango ya nyumba zao wenyewe. Fundi aliwasikiliza wote bila kucheka, na hiyo peke yake ni kazi.

Asubuhi hiyo wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, naye alikuwa ameinama nyuma ya kaunta akicheza gemu.

Msimcheke. Mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kusomea na magoti yanayolalamika kila akiinuka, hajifichi kazini na kigemu cha mkononi bila sababu. Sababu yake ilikuwa dada yake. Alikinunua kwa ajili ya Dada, na kabla ya kumpelekea alitaka kukijua vizuri, ili asije akababaika na vitufe mbele ya mgonjwa.

Dada alikuwa mnadi. Tena si mnadi wa kubahatisha; watu walikuja mnadani kumsikiliza hata siku ambazo hawakuwa na nia ya kununua hata kijiko. Aliuza samani za ofisi zilizofungwa, friji za mitumba, vitanda, na mashine ambazo hakuna aliyejua zinafanya nini. Kila kitu kilichopita mikononi mwake kilipata ukoo na historia. Kabati lilikuwa la daktari aliyekataa kuhama mji. Kiti kilikaliwa na bibi harusi aliyebadili nia. Watu walicheka, na katikati ya kicheko wakajikuta wamepandishiana bei. Walimwita Spika, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kisha kikaja kiharusi. Mguu ulipooza, ukarudi. Mkono wa kulia nao ukaanza kurudi, polepole na kwa kununa. Maneno ndiyo yaliyogoma. Daktari alisema yamo humo humo kichwani, ila njia ya kutokea imeharibika. Dada akitaka kusema chai alisema kiti, akajisikia mwenyewe, akafunga mdomo. Hata herufi zilimkimbia. Alishika gazeti akalitazama, kisha akalikunja vizuri na kuliweka kando.

Hospitali walimpa mwalimu wa kuongea, mama mmoja mpole mwenye kadi za picha. Mwalimu huyo aliiambia familia jambo moja na akalirudia. Aongee kila siku, hata vibaya, maana sasa ndio wakati ubongo unajitafutia njia nyingine. Akizoea kunyamaza, ubongo nao utazoea, na baadaye itakuwa kazi kubwa kuurudisha. "Na ninyi msimmalizie maneno," alisema. "Mwacheni ahangaike."

Dada alihudhuria mara chache. Siku moja alionyeshwa kadi ya kuku akasema kikapu. Akajaribu tena, kikawa kikapu tena. Mtu aliyewahi kuwauzia watu wenye akili timamu friji bovu wakamshukuru hawezi kuvumilia kushindwa na kuku wa kwenye kadi. Alichukua mkoba wake akatoka, na tangu hapo hakukanyaga tena.

Nyumbani alikuwepo Shemeji, mume wake, mpiga rangi wa nyumba, mtu mtaratibu asiyeweza kumwona mkewe akihangaika. Dada akianza tu "Ni... ni...", Shemeji alishadakia: "Nikupe maji? Nifungue dirisha? Nikuletee shuka?" Alipiga ramli hivyo mpaka apatie, kwa upendo mtupu. Mwisho Dada akaona hata hiyo "ni" haina faida. Akawa anaonyesha vitu kwa kidevu. Nyumba iliyokuwa haina nafasi ya kuweka neno ikawa kimya kiasi kwamba Fundi, akiwatembelea, alisikia friji ikinguruma jikoni, na kila alipotoka pale alitembea barabarani na hofu moja tu: kwamba hatamsikia tena dada yake akizungumza.

Ndipo alipolikumbuka gemu.

Walipokuwa watoto, baba yao alirudi siku moja na mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, aliyoipata kwa mtu aliyekuwa akihama, pamoja na kaseti moja tu. Lilikuwa gemu la mtoto mwenye kofia kubwa anayevuka visiwa kutafuta moto wa kuwashia mnara uliozimika. Shida ilikuwa maandishi. Yalikuwa ya nchi ya mbali, herufi zenye mapaa na miguu kama vibanda, na mtaa mzima hakukuwa na mtu wa kuzisoma. Isipokuwa Dada.

"Mimi nazijua hizi," alisema siku ya kwanza, bila kupepesa macho. "Nilifundishwa."

Hakusema alifundishwa na nani, na mdogo wake hakuuliza. Mkubwa akisema anajua, anajua. Wakagawana kazi: mdogo alishika padi ya vitufe, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi, na Dada alikaa nyuma yake kwenye kochi akasoma kila kilichoandikwa.

Na alisoma mambo. Mlinzi wa lango la kisiwa cha kwanza, mzee mfupi mwenye ndevu, alikuwa amegombana na mke wake kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Mke akafunga lango kwa ndani, akaondoka na ufunguo, na mzee kwa kuona aibu akajifanya analinda. Bata aliyeogelea ziwani alikuwa mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiwakimbia wanafunzi wake. Mwenye duka wa kisiwa cha pili hakuwa na haja ya kuuza chochote. Alikuwa mpweke tu, akafungua duka ili watu waje. Mdogo alilia kwa ajili ya yule mwenye duka. Kila walipopita kisiwani kwake alimtaka Dada wapige hodi, hata kama hawana cha kununua.

Mdogo akakua, akawa Fundi, na wakati mwingine, akiwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mtu, alimkumbuka mzee wa langoni. Na sifa za dada yake alizitangaza kila mahali. Mwaka fulani mnadani ililetwa mashine yenye herufi zile zile za vibanda, na mnunuzi mmoja akasita kwa kutojua imeandikwa nini. Fundi, aliyekuwa amepita tu kusalimia, akamwambia kwa sauti, "Muulize dada yangu, anaisoma hiyo lugha." Dada akainama, akapitisha kidole chini ya maandishi taratibu, akainuka. "Wanasema usiiweke karibu na maji," akatangaza. Mnunuzi akaridhika, akanunua.

Sasa gemu lile lile lilikuwa limetengenezwa upya, la kushika mkononi, na safari hii lilikuwa na orodha ya lugha za kuchagua, ikiwemo ile wanayoisoma. Fundi alilichunguza kama anavyochunguza kufuli la kiwanda asichokijua. Rangi zilikuwa nzuri kuliko za zamani, hilo alilikubali haraka. Mtoto wa kofia sasa alikuwa na kope. Muziki ulikuwa ule ule, ila umepigwa na vyombo vya kweli, na ulipoanza ilimbidi avue miwani aifute. Vitufe vilikuwa vidogo kwa kidole gumba kilichozoea koleo, lakini vilitii. Kilichomkera ni mshale mwekundu uliomwonyesha mchezaji pa kwenda. Wao walimaliza likizo nzima wakizunguka kisiwa cha tatu wakitafuta njia, na hakuna aliyewahurumia.

Akafika kwenye lango. Mzee wa ndevu alikuwa mahali pake. Fundi akatabasamu, akabonyeza.

"Hili ni lango la kaskazini," maandishi yakasema. "Tafuta ufunguo pangoni."

Akabonyeza tena, akidhani kuna mengine yanafuata. "Hili ni lango la kaskazini. Tafuta ufunguo pangoni."

Akaenda ziwani kwa bata. Bata hakuwa na la kusema. Akaharakisha mpaka kisiwa cha pili, kwa mwenye duka, na mwenye duka akamwambia, "Karibu. Unataka kununua nini?"

Fundi alifunga kibanda akiwa amefura. Aliamini ameuziwa gemu bandia, lililokatwa maneno ili libane kwenye kifaa kidogo, na hakuna kitu alichokichukia kama kitu bandia. Alishaona makufuli ya bandia ya kutosha.

Muuza gemu alikuwa bwana mmoja mnene mwenye mvi, mwenye kuvaa miwani moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Duka lake lilijaa mashine za zamani na mpya mpaka mlangoni.

"Umeniuzia bandia," Fundi alimwambia, akaweka kigemu kwenye kaunta.

"Bandia kivipi, mama?"

"Wamepunguza maneno. Mlinzi wa lango hasemi lolote kuhusu mke wake."

Muuza gemu alimtazama. "Mke gani?"

"Aliyemfungia nje. Ya chumvi."

Yule bwana alibadilisha miwani, ya kichwani ikaja machoni, akawasha kigemu, akamwendea mzee wa langoni, akasoma. Kisha bila haraka akafuta vumbi kwenye mashine moja ya zamani iliyokuwa rafuni, akaichomeka kwenye TV, akatafuta kaseti.

"Hili ni lile la zamani," alisema. "Baadaye walilitoa likiwa na tafsiri, ndilo hili. Nimelimaliza mara nyingi kuliko nilivyolipa kodi. Tazama."

Skrini ikawaka. Mtoto wa kofia, asiye na kope, akatembea mpaka langoni. Mzee wa ndevu akafungua kinywa. Hili ni lango la kaskazini. Tafuta ufunguo pangoni.

"Kaseti za enzi zile zilikuwa ndogo, mama. Hazikuwa na nafasi ya hadithi ndefu. Na hawa waliotengeneza upya hawakugusa hata neno, ndiyo maana watu wanawasifu. Sura mpya, maneno yale yale. Wameongeza kisiwa kimoja tu mwishoni, baada ya mnara. Mengine yote yamesimama sawasawa na zamani."

"Na bata?"

"Bata ni bata, mama."

Fundi alikaa kwenye kiti kilichokuwa hapo, juu ya rundo la nyaya. Muuza gemu alimwacha akae.

"Hizo habari za mke ulizipata wapi?" akamuuliza baadaye, kwa upole.

"Dada yangu alikuwa akinisomea. Ile ya kwanza, ya herufi za vibanda. Alikuwa anazijua."

Yule bwana alielewa kabla yake, na hakucheka. Alizima TV, akakunja waya. "Alikuwa anasoma vizuri," alisema.

Fundi alirudi kwa miguu, na njiani alipitiwa na kila kitu. Kwanza hasira, maana mtu mzima hapendi kugundua kwamba alidanganywa tangu utotoni na kwamba mnunuzi asiye na hatia alinunua mashine kwa ajili ya uongo ambao yeye mwenyewe aliuchangia. Kisha kicheko, mpaka mtu aliyekuwa akipishana naye akageuka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilivuka visiwa vyote ikafika mnarani. Na hakuwahi kujikwaa. Fundi alikumbuka alivyokuwa akimrudia mlinzi makusudi, siku baada ya siku, ili asomewe tena, na kila mara chumvi ilikuwa ile ile na mke alikuwa yule yule. Yote hayo yalitoka kwenye kichwa cha mtoto wa kike aliyekaa kwenye kochi, hapo kwa hapo, bila kujiandaa. Kisha akakiwaza kichwa hicho hicho sasa, kimekaa dirishani kikionyesha glasi kwa kidevu, na kicheko kikamwisha.

Jumapili mchana alikwenda. Alikuwa na mpango, na aliupenda sana: atamwonyesha Dada gemu, atamsomea maneno ya kweli ya mlinzi, watacheka wote wawili, na kicheko kitamfungulia Dada mdomo. Mtu akishaupenda mpango wake, haoni mashimo yake.

Dada alikuwa dirishani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto. Muziki ulipoanza aligeuka haraka, na uso wake ukapata uhai kwa namna ambayo Fundi hakuiona tangu ugonjwa uanze. Walipita ufuo, wakapita daraja, Fundi akibonyeza, Dada akiwa ameinama karibu kabisa na kioo. Wakafika langoni. Fundi akasoma, kwa sauti kavu ya karani, lango la kaskazini na ufunguo wa pangoni. Kisha akamgeukia dada yake akicheka.

"Basi Dada, niambie. Mke wake yuko wapi?"

Alitania. Lakini uso wa Dada ulififia. Hapo ndipo Fundi alipoona kwamba maneno yake hayakupokelewa kama utani. Alikuwa amemshika dada yake na uongo wa miaka yote hiyo, na papo hapo amemnyooshea kadi nyingine ya kuku. Dada, kwa kiburi chake cha zamani, akajaribu kujibu.

"M... mku... mkate."

"Mkate?" Shemeji aliinuka hapo hapo kutoka mezani. "Unataka mkate? Upo, wa leo asubuhi. Nikupakie siagi?"

Dada alikisukuma kigemu kwa mkono wa kushoto, kikaanguka kwenye zulia. Akainuka, akashika ukuta, akaenda chumbani na kufunga mlango. Shemeji alibaki katikati ya sebule na mkate mkononi.

Walikaa kibarazani, shemeji kwa shemeji, wakiongea kwa sauti ya chini.

"Shemeji, mwalimu alisema usimmalizie."

"Najua alichosema." Alikuwa bado ameushika ule mkate. "Wewe unakuja Jumapili. Mimi nipo naye kila siku. Akikwama, ule uso wake, shemeji, siuwezi. Namrushia maneno ili atoke pale haraka."

Fundi alijua kwamba yeye mwenyewe amefanya vibaya kuliko huo mkate. Alimwomba radhi, akaondoka.

Alilifikiria jambo hilo kibandani, mashine ya kuchonga ikipiga kelele. Maji, dirisha, shuka, kuku wa kadi, mke wa mlinzi: kila walichomwuliza Dada kilikuwa na jibu moja, na wote walisimama mbele yake wakilisubiri, huku wanalijua. Akisema jingine, amekosea. Akichelewa, anasaidiwa. Hata Spika wa zamani, mwenye ulimi wake wote, asingeweza kuuza kitu kwa watu ambao tayari wanajua bei ya mwisho. Zamani ilikuwa tofauti. Zamani hakuna aliyekuwa na jibu, si mdogo mtu, si mtaa, wala Dada mwenyewe.

Tangu siku hiyo alicheza kila alipopata mwanya. Alifuata mshale mwekundu bila aibu, akapita visiwa vyote, akawasha mnara. Mtoto wa kofia akapanda ngalawa akaelekea kile kisiwa kipya. Alipokanyaga ufukwe tu, Fundi akasimamisha mchezo na kuzima. Hakutazama huku wala kule.

Aliporudi kwa Dada, safari hii hakueleza lolote. Aliingia, akamwamkia dada yake, akapewa jibu la kichwa tu na uso ukarudi dirishani. Shemeji alikuwa mlangoni, ameketi kwenye kizingiti akiosha brashi zake kwenye kopo. Fundi alivuta mto mmoja, akaketi sakafuni mbele ya kochi la Dada, mgongo karibu na magoti yake, akawasha. Alicheza kimya. Mtoto wa kofia alitembea ufukweni. Baada ya muda kochi likalia, na Fundi akasikia pumzi ya mtu aliyeinama juu ya bega lake.

Kisiwa kipya kilikuwa na nyumba moja isiyo na paa. Mlangoni alikaa mwanamke mwenye ndoo mapajani, akitazama juu. Fundi alimsogelea. Kabla ya kubonyeza alivua miwani ya kusomea, akaikunja, akaitia mfukoni. Akabonyeza. Maandishi yakatoka, na bila miwani yalikuwa ukungu mtupu.

"Anasema nini?" akauliza.

Akarudi nyuma kidogo, mgongo ukagusa magoti ya dada yake.

"Dada, mimi hapa sipajui. Hapakuwepo zamani. Nisomee."

Alikinyanyua kioo juu ya bega lake ili Dada aone. Herufi zilikuwa zile za kila siku, za gazeti, lakini Dada hakuwa na mamlaka nazo tena, na wote watatu mle ndani walilijua hilo. Fundi hakugeuka. Vidole vyake vilianza kuchoka, naye akavishikilia hapo hapo.

"A..." Dada alisema.

Mlangoni, brashi iliacha kugonga kopo.

"Ana... ana ndoo."

"Ndiyo."

"Ndoo... ya..." Pumzi ikaingia, ikatoka. "Paa."

Inawezekana alitaka kusema maji. Inawezekana alitaka kusema kitu kingine kabisa. Fundi aliitazama ile nyumba, akaona kwamba kweli paa halipo.

"Paa lake lina nini?"

"Li... lili... kwenda."

"Likaenda wapi?"

Hapo palikuwa pagumu. Fundi alisikia ulimi ukitafuta, ukigonga meno, ukirudi nyuma. Alihisi maneno yote ya dunia yakimjia yeye mwenyewe mdomoni, sokoni, baharini, kwa jirani, akayameza moja moja.

"Ku... oa," Dada alisema.

Fundi akacheka. Hakuwa amekusudia, kilimtoka tu, kile kicheko cha zamani cha mtoto mwenye padi mkononi: paa limeondoka, limekwenda kuoa, na mwenye nyumba amebaki na ndoo akisubiri mvua. Akahisi magoti ya Dada yakisogea mgongoni mwake, kisha yakatulia. Mnadi anakijua kicheko cha wateja. Anajua kinatoka lini kwa huruma na kinatoka lini kwa kweli.

"Limemwoa nani?" Fundi akauliza.

Shemeji alikuwa amesimama, brashi ikimdondoshea maji viatuni. Mkewe alikuwa amekwama, uso ule ule asioweza kuutazama, na mdomo wake Shemeji ukafunguka kumsaidia kama kawaida yake. Haukutoa neno. Alikuwa hajui. Paa la nyumba ile limemwoa nani, hakujua yeye, hakujua Fundi, wala wale walioliandika gemu hawakujua. Alijua mtu mmoja tu, na huyo alikuwa bado anatafuta njia ya kulitamka. Shemeji akaja taratibu, akapiga goti kwenye zulia karibu na shemeji yake.

"Nani?" akauliza. "Mke wangu, limemwoa nani?"

Dada aliwatazama wote wawili pale chini. Akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, kama alivyokuwa akiwazuia watu wenye haraka na bei zao.

"Ngojeni," akasema.

Wakangoja.